Gunia Linapimwa, Sado Je?

Mnunuzi aliyezoea soko la Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, haanzi na bei. Anazamisha mkono ndani ya gunia la kablanketi mpaka kiwiko, anachota maharage ya chini, anayatandaza kiganjani na kuyageuza juani. Ya msimu huu yana michirizi iliyokolea, zambarau juu ya kijivu. Yaliyolala stoo mwaka mzima yamefifia na kuingia ukahawia. Ndipo yanapokuja maswali, na huwa mawili tu. "Mama, haya ni ya sasa hivi au ya mwaka jana?" Halafu, kwa sauti ya chini kidogo: "Yamewekwa dawa?"

Jibu linategemea anayeuliza ni nani. Mteja wa kila wiki ataambiwa, "Hayo achana nayo mwanangu, ngoja nikufungulie ya nyuma." Mpita njia ataapiwa kwamba yote ni mapya.

Tofauti ya majibu hayo mawili ina gharama, na gharama yenyewe inaonekana jikoni. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva. Yatachemka tangu asubuhi, yataongezewa maji, yatatiwa magadi hadi mchuzi upoteze ladha, na bado yatakuwa na kiini kigumu. Zile shilingi chache alizookoa mtu kwenye bei ya kopo la sado zinaishia kwenye mkaa. Ndiyo maana kablanketi inapendwa kuliko maharage mengi mengine: ikiwa mpya inaiva upesi, na mchuzi wake ni mzito na mtamu. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wanaiita kabulangeti. Blanketi ni lile lile, na mbegu hiyo haikuwahi kuulizwa pasipoti.

Wala hakuna supamaketi ya kukimbilia: ingawa ni mji uliovuka watu 200,000 katika sensa ya 2022, Tunduma haimo kwenye ramani ya makampuni makubwa ya supamaketi, na haijawahi kuwamo. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Tanzania mwaka 2001, ikauza maduka yake mwaka 2014 na kuondoka. Nakumatt ya Kenya, iliyoyanunua, ikaanguka kwa madeni miaka michache baadaye. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Wote hao walipita Dar es Salaam na miji ya kaskazini, wakaja na kuondoka bila mkazi wa kata za Tunduma kama Mpemba au Sogea kukosa chakula hata siku moja. Yapo maduka ya mtaani yaliyoandikwa "supermarket" juu ya mlango, lakini huko mtu anafuata sabuni, biskuti na juisi ya boksi. Chakula chenyewe kiko sokoni, kwenye mashine ya kusaga, kwenye beseni la mama anayeuza samaki wakavu na juu ya baiskeli ya kijana aliyetoka shamba.

Kwa hiyo swali la wapi pa kupata chakula bora nje ya supamaketi, ambalo Masaki ya Dar es Salaam au Westlands ya Nairobi linaulizwa na watu wenye nafasi na gari, Tunduma linaulizwa na kila mwenye sufuria. Na hapa lina utata wa aina yake.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni ghala. Mbozi ina mahindi na kahawa, Momba ina mpunga na ufuta, Ileje ina ndizi na viazi, na mwambao wa Ziwa Rukwa una perege na kambale. Sehemu kubwa ya mali hiyo inaelekea Tunduma, zinapokutana barabara kuu ya Zambia, barabara ya Sumbawanga na reli ya TAZARA. Mpakani kuna Kituo cha Huduma kwa Pamoja kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu. Shehena inayovuka kwa njia halali inapita mikononi mwa watu wa forodha na wakaguzi, pamoja na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA, inayotoa cheti cha usafi wa mazao. Anayenunua Lusaka ana haki ya kujua anachopelekewa.

Anayenunua Tunduma ana jicho lake, na bahati ya kufahamiana na muuzaji. Ukaguzi wa sokoni upo, lakini haufiki kila gunia lililofunguliwa. Mji huu umejifunza kupima chakula cha jirani vizuri kuliko unavyopima cha kwake, na hilo ndilo la kulalamikia, si kukosa supamaketi.

Chombo chenyewe cha kupimia kinatosha kuwa mfano. Sado ni kopo la lita nne hivi, na jina lake linahusishwa na makopo ya rangi ya Sadolin. Matano yanajaza debe. Ni kipimo cha watu, cha haraka, hakihitaji betri wala hesabu ya desimali, na mtu aliyekua nacho anajua sado la maharage litalisha watoto wangapi kwa siku ngapi. Shida ni kwamba kopo lina ujanja. Kuna lililobonyea kitako kwa ndani, kuna la plastiki lililopashwa moto likanywea ubavuni, kuna mkono unaomimina taratibu ili punje zikae juu juu badala ya kushikana. Upande wa pili wa mizani hiyo hiyo kuna lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba, ambalo mkulima analazimishwa kuuza kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo ipo tangu 1982, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na lumbesa kwa miaka mingi. Mlanguzi anampunja mkulima kwa kilemba, kisha mlaji anapunjwa kwa kitako cha kopo. Ajabu ni kwamba kelele zote zinapigwa juu ya kilemba.

Mizani ya kawaida, iliyogongwa muhuri, ikiwekwa mlangoni mwa soko ili yeyote apime upya alichonunua, haimnyimi muuzaji mwaminifu kitu. Masoko mengine duniani yanazo mizani za namna hiyo, na hakuna aliyeziona kuwa ni matusi.

Udogo wa sado, hata hivyo, ni jambo dogo ukilinganisha na kilichomo ndani yake, na hapo lazima yazungumzwe mahindi.

Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yao wenyewe waliyoyalima na kuyahifadhi nyumbani. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na Tanzania nzima ikajifunza neno jipya kwa hasira. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni moja. Kiasi hicho jicho halikioni, ulimi haukionji, na moto wa kawaida wa jikoni hauwezi kukimaliza. Kinachoonekana ni dalili tu: punje zilizooza, zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu, mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo au kufungwa kabla hayajakauka. Mama anayekaa na ungo mlangoni akichambua punje moja moja kabla ya kwenda mashineni anafanya kazi kubwa ya afya ya jamii, wala hapati posho.

Hapa dona nayo inahitaji kusemewa ukweli. Wataalamu wa lishe wanaisifu kwa haki, kwa sababu ina kiini na ganda, na ndiko kwenye vitamini na nyuzinyuzi. Lakini sumukuvu nayo hupenda kukaa huko huko. Kukoboa huondoa sehemu yake pamoja na pumba, kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayo hayo. Anayeacha sembe kwa ajili ya afya, akanunua dona iliyosagwa asikokujua, huenda amepiga hatua moja mbele na mbili nyuma. Dona ni ya mtu anayeyajua mahindi yake: ameyanunua yakiwa punje, ameyachambua, ameyapeleka mashineni na kusimama hapo hapo mpaka unga wake utoke, kabla mashine haijachanganya na wa mwingine.

Mashine ni sehemu nzuri ya kujifunzia chakula. Mwendeshaji anajua nani kaleta mahindi mabichi, kwa sababu unga unaganda kwenye mfuko na mashine inalalamika. Anajua nani katoka na mahindi ya Mbozi na nani kaleta yaliyonyeshewa njiani. Katika mji usio na maabara mtaani, huyo ndiye maabara iliyo karibu.

Na vifaa halisi vya kupimia mahindi vinajulikana. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, haupokei mahindi kwa kuyatazama tu. Unyevu unapimwa, na kiwango cha mwisho cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mwaka 2024, ukame ulipoichoma Zambia na Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la taifa, NFRA ilikubali kuiuzia nchi hiyo tani 650,000. Ni jambo la ujirani mwema, na ni biashara nzuri. Lakini kipima unyevu ni kidude cha kushika mkononi, kinachomwagiwa kikombe cha punje na kutoa namba baada ya sekunde chache. Halmashauri inayokusanya ushuru wa soko kila siku haishindwi kununua viwili au vitatu na kumweka kijana mmoja wa ugani sokoni siku za msimu.

Kahawa ndiyo kichekesho chenyewe. Mbozi ni moja ya wilaya kubwa za arabika nchini, na kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, cha TaCRI, kiko huko huko. Mkulima wa Mbozi anachuma mbivu nyekundu, anamenya, anavundika, anaosha, anaanika juu ya vichanja kwa siku nyingi, akiigeuza na kuifunika mvua ikitishia. Ni kazi ya uangalifu ambayo wanywaji wa Tokyo na Hamburg wanailipia. Kisha inaingia kwenye ushirika wa wakulima, AMCOS, inakwenda mnadani chini ya Bodi ya Kahawa, inapanda meli. Kahawa inayonywewa ndani ya Tanzania ni chini ya sehemu moja ya kumi ya inayozalishwa. Kaa sasa kwenye mgahawa wowote kando ya barabara Vwawa au Mlowo na uagize kahawa. Utaletewa chupa ya maji moto na kopo la Africafe, kahawa ya unga iliyotengenezwa kiwandani, mbali kabisa na hapa. Si kahawa mbaya, imeamsha watu wengi na ni ya Mtanzania. Ila kuinywa ukitazama mibuni ya Mbozi dirishani ni kama kununua samaki wa kopo pwani ya Kilwa.

Mtu aliyewahi kunywa kahawa ya Mbozi iliyokaangwa nyumbani haulizi tena kwa nini wageni wanaifuata. Inatwangwa kidogo kwenye kinu ili ganda jepesi litoke, inapepetwa kwenye ungo, inaingia kikaangoni juu ya moto wa wastani na mwiko hautulii. Kwanza inanukia majani makavu, kisha mkate, halafu inaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Hapo ndipo wengi wanaiharibu. Wanaiacha hadi iwe nyeusi na kutoa mafuta, kwa imani kwamba weusi ndio ukali, wakati arabika ya nyanda za juu inapaswa kuepuliwa ikiwa rangi ya chokoleti na kumwagwa kwenye ungo ipoe upesi. Ikilala usiku mmoja, ikasagwa kesho yake, kikombe kinakuwa na uchachu mtamu ambao hakuna kopo linaloutunza.

Kwa nini basi haiuzwi Tunduma? Sheria si sababu ya kutosha. Leseni za kukaanga na kuuza ndani zinatolewa na Bodi ya Kahawa. Wateja si sababu kabisa. Foleni ya malori kuelekea mpakani inaweza kuwa ndefu kwa kilomita, na ndani yake kuna madereva wa Dar es Salaam, Lusaka na Lubumbashi wanaokesha. Ushirika mmoja wenye kikaango cha mashine na pakiti za gramu 250 zilizoandikwa jina la kijiji na mwezi wa mavuno ungekuwa na soko linalosimama lenyewe mlangoni, injini zikinguruma. Wanaokaa Songwe wamezoea kufikiri kwamba kahawa ni pesa, kitu cha kuuza. Kuifikiria kama kinywaji kunahitaji mtu wa kuanza.

Mchele una hadithi nyingine: jina limekuwa kubwa kuliko shamba. Kyela inalima mchele wenye harufu unaostahili sifa zake, lakini "mchele wa Kyela" unauzwa katika kila soko la nchi, na mwingine haujawahi kuuona mto Kiwira hata kwa mbali. Mnunuzi wa Tunduma naye anaomba wa Kyela. Wakati huo ndani ya mkoa wake, bonde la Kamsamba wilayani Momba linatoa mpunga, na mara nyingi unafika sokoni umevuliwa jina, ukauzwa kama "mchele wa kawaida" au ukachanganywa na kupewa jina la jirani. Anayejua anaomba punje kidogo, anazisugua viganjani mpaka zipate joto, ananusa. Anaangalia chenga. Akipata mpunga badala ya mchele ananunua huo, kwa sababu ndani ya ganda harufu hudumu, akakoboa kadiri anavyokula.

Samaki hawahitaji maneno mengi. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wanashuka kupitia Sumbawanga, na anayenunua anatia wachache kwenye bakuli la maji na kusubiri mchanga utue chini. Kama mchanga ni mwingi, walianikwa ardhini.

Matunda yalitoa funzo la ghafla Aprili 2025. Tanzania ilizuia kwa muda mazao ya Afrika Kusini na Malawi kuingia nchini, ikilipiza vizuizi vya nchi hizo dhidi ya mazao yake, ndizi zikiwemo. Zuio halikudumu, lakini kwa siku hizo chache swali la matufaha ya Afrika Kusini, yaliyozoeleka kupanda barabara ya kutoka Zambia, lilizungumzwa kila mahali. Wachache walikumbuka kwamba Makete na Njombe, safari ya siku moja tu kutoka mpakani, wanalima matufaha pia. Hayang'ai, mengine yana kovu, na hayana kile kibandiko kidogo.

Itakuwa uongo kudai kwamba kila kilicho nje ya supamaketi kina baraka. Nakonde na Zambia yote wanapenda chikanda, mkate wa kahawia unaotengenezwa kwa viazi vya okidi vilivyotwangwa na kupikwa na unga wa karanga, magadi na pilipili. Ukikatwa vipande unafanana na soseji nene, na ni mtamu. Tatizo ni asili yake. Okidi za Zambia zilipopungua, wafanyabiashara waligeukia nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na Tunduma ikawa mlango. Watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikivuka kila mwaka vilihesabiwa kwa mamilioni. Kukichimba kiazi ni kuung'oa mmea, na okidi zote ziko katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori. Kitulo, uwanda ambao watu wanauita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua hayo. Chikanda ni chakula cha asili, hakina kiwanda wala kemikali, kinatoka kwa mama mjasiriamali, na bado mnunuzi makini ana sababu ya kukipita.

Wanaotetea supamaketi wana hoja moja isiyopingika: pakiti ina tarehe. Ina jina la aliyetengeneza, uzito, na nembo ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mtu akiugua kuna pa kuanzia kuuliza. Gunia lililo wazi halina cha kuulizwa isipokuwa mwenye kibanda, naye alinunua kwa dalali, ambaye naye hakumbuki.

Lakini hilo si jambo la jengo lenye viyoyozi. Ni la kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito: Kablanketi, Mbozi, Juni. Au Mpunga wa Kamsamba, haujachanganywa. Na taarifa zenyewe hazihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa tayari zinakusanywa. Mzigo wa mazao unaozidi tani moja unasimama kwenye geti la halmashauri kulipa ushuru, ambao mwaka 2017 uliwekwa kuwa asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara. Mkusanyaji anabonyeza mashine yake, karatasi inatoka ikiwa na tarehe na halmashauri iliyotoza. Dereva anaikunja, anaiweka mfuko wa shati na kuendelea na safari. Sokoni Tunduma anashusha magunia 60, anapokea pesa yake na kuondoka na ile karatasi. Ingeweza kubaki, ikapigwa msumari juu ya kibanda.